Damu imesema ndiyo, kinyesi kimesema hapana: nani mkweli kuhusu salmonella ya kuku wangu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafuga kuku wa mayai 1,800, wana wiki 38. Ndani ya wiki tatu nimezika 41. Wengi upanga ulipauka, wakazubaa, kinyesi kikawa cha manjano kuelekea kijani. Niliwapa antibayotiki kwenye maji siku tano. Vifo vilipungua, havikuisha. Akaja mtaalamu na chupa ya dawa ya zambarau, akatoboa mshipa wa bawa kwa kuku 20, damu za kuku 6 zikafanya mabonge, akasema ni salmonella. Siku iliyofuata nikapeleka mfuko wa kinyesi maabara. Majibu: salmonella haikuonekana. Nikapeleka kinyesi kingine maabara ya pili, wakapima kwa PCR, wakasema ipo. Nimelipa mara tatu na majibu hayapatani. Nimwamini nani? Na mayai niendelee kuuza, au niyapime nayo?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa hasara. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikapigia mstari mambo manne: antibayotiki ya siku tano, mfuko wa kinyesi, neno PCR lisilo na maelezo yoyote, na wale kuku sita. Jibu lako limejificha humo.

Sidhani kuna aliyekudanganya. Mtu wa damu alikuwa anatafuta kama miili ya kuku wako imewahi kupambana na kitu kinachofanana na salmonella. Maabara ya kwanza ilitafuta salmonella hai, kwenye kinyesi kile, inayoweza kuota kwa njia waliyoitumia wao. Maabara ya pili ilitafuta vinasaba vya salmonella, viwe vya bakteria hai au wafu. Kuku yuleyule anaweza kutoa ndiyo, hapana, ndiyo, na majibu yote matatu yakawa ya kweli.

Tuanze na damu. Ile chupa ya zambarau ni bakteria waliouawa, salmonella ya aina ya Pullorum, wakapakwa rangi ili jicho liwaone; ndiyo inaitwa antijeni. Unaweka tone la antijeni hiyo kwenye kigae cheupe, unaongeza tone dogo la damu, kama 0.02 ml hivi, unachanganya na kukitikisa kigae taratibu huku na huku. Damu ikiwa na kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa, zinawashika wale bakteria na kuwafunga pamoja, na unaona punje za zambarau zikijikusanya kama maziwa yanayokatika. Inasomwa ndani ya dakika mbili. Zikipita, tone linakauka kingoni na kutengeneza punje zake lenyewe. Nimeshaona mtu anapiga gumzo na mwenye banda huku tone la tatu linakauka, halafu anageuka na kusema "na huyu pia anao".

Sasa, antijeni ya Pullorum haimkamati Pullorum peke yake. Kila salmonella ina alama kwenye ngozi yake ya nje, na wataalamu wamezipa namba. Pullorum anayeleta mharo mweupe kwa vifaranga, na Gallinarum anayeleta homa ya matumbo ya kuku, wote wana namba 9 na 12. Enteritidis, yule anayewaumiza walaji wa mayai, naye ana 9 na 12. Typhimurium, salmonella nyingine, ana 12. Kingamwili haziulizi jina, zinashika namba. Kwa hiyo damu ya kuku aliyeugua Enteritidis inaweza kufanya mabonge vilevile. Kuku aliyechanjwa chanjo iliyouawa ya Enteritidis, damu yake nayo inaweza kufanya mabonge, na hujaniambia kama mitetea yako ilichanjwa wakati wa kulelewa. Uliza huko ulikowanunua. Mara nyingine hata bakteria wengine kama E. koli au stafilokokasi huleta mabonge ya uongo.

Upande wa pili, kuku aliyeambukizwa juzi bado hajatengeneza kingamwili za kutosha, na anaweza kufa akiwa hasi. Ndiyo maana kipimo hiki ni cha kundi. Kukitumia kumhukumu kuku mmojammoja ni kukionea. Kwa kundi lako, sita kati ya ishirini si bahati mbaya. Ikiwa majibu yalisomwa kwa wakati na kuku hawakuchanjwa, ninaamini kuna salmonella ya kundi la namba 9 imepita au imo ndani ya banda. Ni ipi kati yao, damu haisemi.

Kwenye kinyesi ndipo penye kazi, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kuotesha salmonella kutoka kwenye kinyesi ni kama kumtafuta mtu mmoja kwenye uwanja uliojaa, na huyo mtu ana homa. Gramu moja ya kinyesi inaweza kuwa na mamilioni ya bakteria wengine, na salmonella zikawa chache na zimechoka kwa kukauka, kwa baridi ya boksi au kwa dawa. Ukiziweka moja kwa moja kwenye chakula kikali chenye vizuizi, zitakufa pamoja na maadui zake. Kwa hiyo kiwango cha kimataifa kinachofuatwa na maabara nyingi, ISO 6579-1 cha mwaka 2017, kinaanza kwa upole: gramu 25 za sampuli ndani ya ml 225 za maji ya peptoni, chakula laini cha bakteria, yenye bafa, kwenye joto la nyuzi 34 hadi 38, kwa saa 18 hivi. Huu ni usiku wa kupona. Bafa ipo ili asidi inayotengenezwa na bakteria wengine isiwaue wagonjwa wetu.

Kesho yake ndipo mateso yanaanza. Kiasi kidogo cha maji yale kinahamishiwa kwenye mchuzi wa kuchuja. Ule wa Rappaport, unaoandikwa RVS, una rangi ya kijani inayoitwa malakaiti, chumvi nyingi ya magnesiamu na uchachu kidogo, na unakaa nyuzi 41.5. Salmonella nyingi huvumilia hayo yote, wengi wa wapinzani hawavumilii. Mchuzi wa pili, MKTTn, una iodini, nyongo na antibayotiki ya novobiosini. Siku ya tatu unachora, yaani unapaka mchuzi kwa mistari, kwenye sahani za aga, chakula cha bakteria kilichogandishwa.

Sahani ninayoipenda ni XLD, maana unaona bakteria anavyofikiri. Aga yenyewe ni nyekundu. Bakteria akila sukari anatoa asidi, na aga inageuka manjano. E. koli anakula laktosi na sukrosi, anabaki na koloni, yaani vidoa vya bakteria walioota, za manjano. Salmonella anakula zailosi tu. Ikiisha, anageukia lisini, asidi ya amino, anaivunja, na uchachu unarudi nyuma, hivyo koloni inarudi kuwa nyekundu. Halafu anatoa gesi ya salfa inayokutana na chuma kilichomo kwenye aga, na katikati panakuwa peusi kama mboni ya jicho. Asubuhi ukifungua inkubeta ukaona macho mekundu yenye mboni nyeusi, unajua hujapoteza siku tatu. Ila usipige kelele bado. Bakteria wengine, Citrobacter na Proteus, nao hujua kuigiza, hasa ukitazama kwa haraka.

Baada ya hapo koloni inasafishwa na kuhakikiwa: mrija wa TSI, aga ya sukari tatu iliyogandishwa kwa mteremko, ambapo salmonella ya kawaida hubakisha mteremko mwekundu na kitako cha manjano chenye weusi; kipimo cha urea, ambacho kinamtoa Proteus; lisini; kisha seramu, maji ya damu yenye kingamwili, ya kujua namba za ngozi. Koloni inachanganywa kwanza na maji ya chumvi matupu. Ikijigandisha yenyewe humo, seramu haitakuambia chochote cha kuaminika, na fundi mvivu anayeruka hatua hii ataandika namba ya kubuni bila kujua. Kwa mtiririko huu wote, jibu la hapana hutoka siku ya tatu au ya nne, jibu la ndiyo lililohakikiwa huchukua siku tano hadi saba. Ukipewa jibu la kuotesha kesho yake, uliza limeotea wapi.

Sasa nirudi kwenye mfuko wako. Ninashuku mambo matatu, na la kwanza ndilo ambalo watu wengi hawalijui.

Kwa sampuli za kinyesi na mabandani, kiwango hichohicho kinataka sahani nyingine badala ya mchuzi, inaitwa MSRV. Ni aga laini, nusu maji nusu mgando, yenye malakaiti na novobiosini. Fundi anadondosha matone matatu ya maji ya peptoni juu yake, anaiweka kwenye nyuzi 41.5 bila kuipindua, na kusubiri. Salmonella zina mikia ya kuogelea. Zinatoka kwenye tone, zinapenya ndani ya aga laini na kusambaa, na kesho yake unaona wingu la kijivu-weupe limezunguka mahali tone lilipoangukia. Unachota ukingoni mwa wingu, kule walikofika waogeleaji wa mbele, na mara nyingi unapata salmonella karibu safi kabisa. Kwa Enteritidis na Typhimurium ni sahani nzuri sana, nami siiachi.

Lakini Gallinarum na Pullorum hawana mikia. Hawaogelei. Wakidondoshwa kwenye MSRV wanakaa palepale walipoangukia, wingu halitokei, na fundi anaandika kwa haki kabisa: salmonella haikuonekana. Maabara inaweza kuwa na vyeti vyote ukutani, ikafuata kila mstari, na ikamkosa bakteria huyu mahususi, kwa sababu njia ile ilitengenezwa kulinda walaji dhidi ya salmonella zinazoogelea. Na dalili ulizoniandikia, upanga uliopauka, kinyesi cha manjano-kijani, vifo vya polepole kwa kuku wakubwa, zinanukia Gallinarum kuliko nyingine yoyote. Hata kwenye XLD hawa wawili hukua taratibu, koloni zao ni ndogo, na ile mboni nyeusi inaweza kuchelewa au isitokee. Mtu aliyezoea macho makubwa meusi anawapita bila salamu.

La pili ni antibayotiki. Inaelekea ulipeleka kinyesi muda mfupi tu baada ya kumaliza dawa. Dawa haikuwamaliza bakteria, vifo vinaonyesha hivyo, ila iliwapunguza kwenye utumbo hadi wakawa wachache kuliko sampuli yako ingeweza kuwashika. Wamebaki wamejificha kwenye ini, bandama na ovari. Kwa kuchunguza kinyesi mimi husubiri walau wiki mbili baada ya dozi ya mwisho, na kwenye fomu ninataka jina la dawa na tarehe, maana "walipewa dawa" haitoshi.

La tatu ni hesabu. Salmonella haitoki kwenye kinyesi kila siku wala kwa kila kuku. Tuseme kuku mmoja kati ya ishirini anaitoa leo. Ukichukua kinyesi cha kuku kumi, uwezekano wa kumpata hata mmoja ni asilimia 40 tu. Ukichukua cha kuku 60, unafika asilimia 95. Hujaniambia mfuko wako ulijazwaje, lakini kwa uzoefu wangu mfuko wa kinyesi hujazwa kutoka pale mlangoni palipo rahisi kuinama. Njia nzuri zaidi kwa banda la sakafu ni kuvaa soksi za pamba zilizoloweshwa juu ya viatu safi na kutembea banda zima, pembe zote, hatua zisizopungua 100, kisha kuzivua na kuzitia kwenye mfuko safi. Ongeza vumbi la kwenye feni na kingo za juu: vumbi hutunza kumbukumbu ya banda kwa wiki nyingi hata kinyesi kikiwa kimesahau. Nasisitiza, hii ni kwa salmonella zinazoogelea. Kwa Gallinarum soksi hazikusaidii sana.

Kuna mtego mwingine, japo kwako sidhani ulihusika: dawa ya kuua vijidudu kubaki kwenye sampuli. Ukisafisha banda leo na kuchukua sampuli kesho, au ukizungusha pamba kwenye ukuta ulio na dawa mbichi, unaipelekea maabara salmonella pamoja na muuaji wake kwenye chupa moja. Viwanda vya kuchinja kuku vilipata shida hiyohiyo, na mwaka 2016 wakaguzi wa nyama wa Marekani, FSIS, walibadilisha maji wanayosuuzia kuku wa sampuli, wakaweka yenye viambato vya kubatilisha dawa, kwa sababu masalia ya dawa za kuosha mizoga yalikuwa na uwezo wa kuficha salmonella iliyokuwapo.

Twende kwenye PCR. Watu wengi wanaichukulia kama neno la mwisho, kwa kuwa mashine yake ni ghali. Kipimo hiki kinatafuta kipande cha DNA ambacho salmonella inacho na wengine hawana. Kinachotumika sana ni jeni ya invA, inayoisaidia kuingia kwenye seli za utumbo. Mashine inanakili kipande hicho mara mabilioni hadi kionekane. Gallinarum anayo invA, Enteritidis anayo, Typhimurium anayo. Kwa hiyo jibu lako la "ipo" halina jina la aina. Faida yake ni kwamba PCR haijali mkia. Ndiyo maana naona inawezekana kabisa maabara ya pili imemkamata yule yule ambaye sahani laini ya maabara ya kwanza ilimwacha.

Ila kabla hujaishikilia, wapigie simu, uliza jambo moja: DNA mliitoa moja kwa moja kwenye kinyesi, au kwenye maji ya peptoni yaliyokaa usiku kucha? Ikiwa moja kwa moja, inaweza kuwa DNA ya bakteria waliouawa na antibayotiki yako. Na isitoshe kinyesi kina vitu vinavyoizuia PCR kufanya kazi, hivyo hata hasi yake ingekuwa na mashaka. Ikiwa ilitoka kwenye peptoni, wafu wamezimuliwa mara kumi na walio hai wameongezeka usiku kucha, na jibu hilo lina uzito. Uliza pia kama walikuwa na kidhibiti cha ndani, yaani DNA ya majaribio inayowekwa ndani ya kila mrija ili kuthibitisha kwamba mrija ule ulifanya kazi. Maabara makini hawachukii swali hilo. Na waulize kama chupa ya peptoni wameitunza kwenye friji, maana bado inaweza kuchorwa kwenye sahani.

Kuhusu chanya za uongo, nikuibie siri ya kazini. Nilipokuwa mgeni kwenye maabara niliyoanzia, siku moja sampuli zote 11 tulizoweka zilitoa salmonella. Mabanda tofauti, wafugaji tofauti. Nilifurahi kama mtoto. Mzee niliyekuwa chini yake akafungua sahani ya kumi na mbili, ile ya peptoni tupu isiyo na kitu, nayo ikawa na macho meusi yaleyale. Tulikuwa tumechafua kila kitu kwa kidhibiti chanya, yaani salmonella yetu wenyewe tunayoiotesha kila mara kuthibitisha kwamba vyakula vinafanya kazi. Tangu hapo natumia kidhibiti cha aina adimu, ambayo karibu haipatikani kwa kuku. Ikijitokeza kwenye sampuli ya mtu, najua ni ya kwetu. Majibu 11 yalichanwa, na simu za kuwaomba radhi wafugaji nilizipiga mimi.

ELISA umeisikia huenda, nayo ni kipimo cha kingamwili kama kile cha kigae, ila inasomwa na mashine na inafaa ukitaka kupima damu nyingi au hata kiini cha yai. Kwa shida yako ya leo haiongezi kitu. Wala usishawishike kulipia uchunguzi wa jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya bakteria, ule ni wa kufuatilia chanzo pale watu wanapougua au mabanda mengi yanapoguswa.

Ningekuwa mimi mwenye banda, ningeacha kinyesi na kugeukia viungo. Wale kuku sita, kama uliwawekea alama miguuni, ndio mali. Wachukue watatu au wanne kati yao, pamoja na mzoga wowote uliokufa ndani ya saa chache, uwafikishe kwa daktari wa mifugo anayefanya upasuaji wa maiti. Kwenye Gallinarum ini mara nyingi huwa limevimba na kung'aa rangi ya shaba yenye kijani, bandama imekuwa kubwa, na kwenye ovari viini vimesinyaa, vimepinda, vingine vinaning'inia kwenye kikonyo kama zabibu zilizokauka. Hayo pekee hayatoshi kuthibitisha, ila yanakuambia kisu kiende wapi.

Namna ya kuchukua ni hii, na simama uangalie. Kisu kinapashwa moto hadi kiwe chekundu, kinabandikwa juu ya ini mpaka uso wake uive na kuwa kijivu, ili uchafu wa nje ufe. Kisha sindano tasa ya kuchotea inapenya kwenye sehemu iliyoiva hadi ndani kwenye nyama mbichi, na kinachotoka kinachorwa moja kwa moja kwenye aga ya damu au aga ya kawaida, na kwenye aga ya MacConkey, inayobagua bakteria wa utumbo. Ndani ya ini hakuna msongamano wa bakteria wengine kama kwenye utumbo, kwa hiyo huhitaji kuchuja sana. Bandama na ovari vivyo hivyo. Vipande vingine vya viungo viende kwenye mchuzi, RVS au selenaiti, kwa ajili ya usalama, na visiende kwenye MSRV peke yake. Sahani zisitupwe baada ya saa 24, zikae 48, kwa sababu ya ule ukuaji wa polepole.

Kwenye fomu usiandike "kupima salmonella". Andika: "Kuku wa mayai, wiki 38, vifo 41 kati ya 1,800. Nashuku Gallinarum, aina isiyoogelea. Walipewa dawa fulani kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani." Mstari huo unabadilisha kila kitu atakachofanya fundi. Weka viungo kwenye barafu bila kuvigandisha, vifike siku hiyohiyo.

Wakiipata koloni, omba mambo matatu. Kwanza, namba ya ngozi. Ikiwa 9, mwendo upimwe: inaogelea au haiogelei? Inayoogelea ipimwe mikia kwa seramu, huenda ni Enteritidis. Isiyoogelea ni Gallinarum au Pullorum, na hao wawili wanatenganishwa kwa kile wanachokula: Gallinarum anakula sukari ya dulsito na hatoi gesi kwenye glukosi, Pullorum hali dulsito ila anaivunja onithini, asidi ya amino. Pili, kipimo cha usugu kwa vidonge vya dawa kwenye aga ya Mueller-Hinton, ili ujue kama ile dawa uliyoitoa siku tano ilikuwa na maana yoyote. Tatu, waitunze koloni kwenye friji ya baridi kali. Kukiwa na ubishi baadaye, ndiyo ushahidi.

Ujue pia kwamba katika nchi nyingi mharo mweupe na homa ya matumbo ya kuku ni magonjwa ya kutolewa taarifa. Daktari anayekuhudumia ndiye wa kukuongoza hapo, na jibu la kigae pekee kwa kawaida haliwi msingi wa hatua kubwa mpaka kuotesha kukamilike.

Kuhusu mayai. Gallinarum ni mtaalamu wa kuku, ni nadra sana kumwumiza binadamu. Enteritidis anamwumiza, na anaweza kuingia ndani ya yai kabla ganda halijaumbika. Kwa kuwa kipimo cha damu ya kuku wako hakikuwatenganisha hawa wawili, mpaka jina litoke chukulia ni Enteritidis. Usipeleke yai kwa mtu anayelitumia bichi au nusu bichi, yenye nyufa yatupe, na la kuangulisha lisitoke kabisa, kwa sababu hata Gallinarum na Pullorum wanarithishwa kifaranga kupitia yai. Ule muda wa kusubiri baada ya antibayotiki, ulioandikwa kwenye chupa ya dawa, ni suala la pekee yake, nao uheshimu. Ukishika mizoga, vaa glavu na unawe mikono kwa sabuni.

Kuyapima mayai, nakushauri usiyapime. Hata kuku mwenye Enteritidis hutaga mayai mengi safi, na lile lililoambukizwa likiwa jipya huwa na bakteria wachache sana ndani. Sheria ya mayai ya Marekani ya mwaka 2009, inapotaka mayai ya banda yachunguzwe, inadai 1,000 kwa mkupuo mmoja, na mkupuo huo unarudiwa kila wiki mbili mpaka itimie minne. Ukipeleka trei moja ukaambiwa safi, utakuwa umenunua usingizi wa siku mbili. Hela hiyo iweke kwenye maini na ovari za wale sita.